Mume wangu ananuka kinywa, naye hajui

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa, na mume wangu nampenda. Hilo naliweka mbele usije ukadhani natafuta sababu ya kuondoka. Yeye ni dereva wa lori la masafa. Hupakia bandarini akaenda Malaba, mara nyingine hadi Kampala, na hukaa njiani juma zima au zaidi kabla hajarudi nyumbani.

Tatizo ni kinywa chake. Kinanuka. Si ile harufu ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ni nzito, kama ya kitu kilichooza, na akipiga mswaki hupungua kidogo tu kisha inarudi. Ilianza mwaka jana Ramadhani, nikasema ni saumu. Idi ikapita, harufu ikabaki.

Sijamwambia. Nimeshindwa. Akinisogelea usiku nageuza uso, nasema nimechoka, au mtoto ataamka. Mwezi uliopita nimehamia chumbani kwa binti yetu, nikisingizia kwamba mtoto anaogopa giza. Mume wangu si mjinga, ameona. Aliporudi safari iliyopita aliniuliza kama nimepata mtu mwingine. Nikalia, naye akalichukulia lile kuwa ni kukiri.

Nadhani mamake alijua kabla yangu, maana alinivuta kando akaniambia mwanawe ana tumbo bovu, nimtafutie dawa. Nikaenda kwa kemisti nikauziwa dawa za vidonda vya tumbo. Nilimwambia ni za kiungulia, akazinywa zote. Hakuna kilichobadilika. Nikanunua dawa ya kusukutua nikaiweka bafuni, akadhani ni yangu. Yeye mwenyewe hutafuna karafuu na iliki, lakini hayo ni mazoea yake tangu ujana.

Akiwa barabarani hutafuna miraa asisinzie, na chingamu tamu, na soda juu yake. Sigara aliacha. Akipiga mswaki mate yake huwa na damu, na jino moja la mbele chini limeanza kucheza. Husema ni umri, ana miaka 43. Tena siku hizi anakunywa maji mengi mno, na usiku huamka mara tatu, nne kwenda chooni. Hilo nalo tunasema ni joto la Mombasa.

Somo, harufu hii inatoka wapi? Inaambukiza? Maana sisi tunakula sinia moja na watoto. Na mwanamume mzima, mwenye kujiheshimu, nitamwambiaje kwamba kinywa chake kinanuka?

Mama Salma (si jina langu), Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma yote, na nilipofika mwisho ndipo niliposhtuka: maji mengi, na kuamka usiku mara tatu, nne. Umeyaandika kama mambo ya kupita tu. Kwangu mimi ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Mtu wa miaka 43 mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa usiku kucha, mwenye fizi zinazotoka damu na jino linalocheza, apimwe sukari. Sisemi kwamba ana kisukari. Barua haipimi damu. Nasema apimwe safari hii akirudi, kabla hajapakia tena.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, na hupatikana hospitali, zahanati na kwa kemisti wengi. Aende asubuhi akiwa hajala kwa muda wa saa 8 au zaidi, maji matupu yanaruhusiwa, lakini chai ya maziwa hapana, hata kikombe kimoja. Mashine ikisoma 7.0 au zaidi kwa vipimo vya mmol kwa lita, aende kwa daktari arudiwe kipimo cha maabara na aanze kutibiwa. Ikisoma kati ya 6.1 na 6.9 pia aende, maana sukari imeshaanza kupanda na bado kuna nafasi ya kuirudisha.

Nimefanya kazi kliniki ya meno kabla sijaanza kukalisha maharusi, na jambo hili nililiona huko kwa macho yangu: mtu anakuja kwa ajili ya jino linalocheza, daktari anamtuma akapimwe sukari, na anarudi na cheti cha kisukari ambacho hakukijua. Maradhi haya mawili yanalishana. Sukari ikiwa juu, mwili hauwezi kupigana vizuri na vijidudu vya kwenye fizi, na mate hupungua. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kupata ugonjwa mkubwa wa fizi karibu mara tatu ya asiye nacho. Na fizi zikiwa zimevimba na kutunga usaha, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Ndiyo maana sitaki muanze na fizi mkaisahau sukari, wala muanze na sukari mkaziacha fizi.

Sasa harufu yenyewe.

Mamamkwe wako hayuko peke yake. Pwani nzima, mtu akinuka kinywa husemwa ana tumbo chafu, na wauza dawa wamefaidika sana na maneno hayo. Lakini njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni hukaa imejifunga. Hewa ya tumboni haipandi ovyo, hupanda mtu anapocheua, kisha basi. Wapo wachache ambao kiungulia kikali huwaharibia harufu ya kinywa, lakini kati ya watu 10 wenye harufu ya kudumu, 8 au 9 chanzo chao kiko mumo humo kinywani. Dawa za vidonda vya tumbo alizomeza mumeo hazikuwa na kazi ya kufanya.

Kinywani kuna vijidudu visivyopenda hewa. Makao yake ni nyuma kabisa ya ulimi, kwenye utando mweupe au wa manjano, na chini ya fizi ambako hewa haifiki. Chakula chake ni mabaki ya nyama na samaki, ngozi ya kinywa inayobambuka, na damu. Vikishakula hutoa gesi za salfa, na mojawapo ni ileile inayotoka kwenye yai viza. Mate ndiyo yanayovisafisha mchana kutwa. Tukilala mate hupungua sana, na ndiyo sababu kila binadamu, hata bibi harusi, huamka na harufu. Mwenye kufunga naye kinywa chake hukauka kutwa, lakini akifuturu, akanywa na kula, hali hurudi ya kawaida. Harufu ya mumeo haikuondoka kwa sababu ilikuwepo kabla, saumu iliifanya tu ionekane.

Mtazame sasa akiwa njiani. Miraa inakausha kinywa, hilo kila mtafunaji analijua, ndiyo maana hushushia na soda. Soda ina sukari, chingamu ina sukari, na nyuzi za majani zinakwama kati ya jino na ufizi saa nzima, saa mbili, saa tano. Kisha anaegesha Mtito Andei au Malaba, analala ndani ya lori mdomo wazi, bila kupiga mswaki. Ukitaka kupanga mazingira ya kuoza fizi, huwezi kupanga vizuri zaidi ya hapo. Na hapo sijaongeza sukari ya damu, kama ipo.

Kila siku meno hujengeka ukoga, utando laini unaoteleza ukiupitishia ulimi. Ukiachwa siku chache hugeuka mgumu, wa manjano au kahawia, na huo ndio ugaga. Mswaki hauutoi, hata usugue mpaka mkono ulegee. Ugaga unashika ukoga mwingine juu yake, ufizi unavimba na kujitenga na jino, na katikati panafanyika mfuko. Ufizi wenye afya una mfuko wa kina cha milimita 1 hadi 3. Kuanzia 4, daktari anakaa chonjo. Ndani ya mfuko huo kuna damu, usaha na vile vijidudu visivyopenda hewa, na hapo ndipo inapotoka ile harufu uliyoieleza, ya kitu kilichooza. Chini yake mfupa unaolishika jino unaliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na mwenyewe anashtuka siku jino linapocheza.

Miaka 43 si umri wa meno kucheza. Mtu anaweza kufika 80 na meno yake yamesimama. Mwambie hivyo.

Umeuliza kuhusu sinia. Endeleeni kula pamoja, harufu haiambukizi. Ni kweli vijidudu vya kinywani hupitana kwa mate kati ya watu wa nyumba moja, lakini mtu hugeuka mgonjwa pale ukoga unapoachwa na mwili unaposhindwa kujitetea. Msishirikiane mswaki tu, na watoto wapige mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, ukiwasimamia. Na wewe mwenyewe, fizi zako zikitoka damu, panda kiti cha daktari siku hiyohiyo mtakayokwenda.

Nifike kwenye neno zito, la kumwambia.

Kwanza ujue kwamba yeye haisikii. Pua huzoea harufu inayokaa nayo, ikaacha kuiripoti. Kupuliza kwenye kiganja na kunusa hakusaidii sana. Anayetaka kujijua alambe upande wa ndani wa kifundo cha mkono, asubiri pakauke, kisha anuse. Au akwangue nyuma ya ulimi kwa kijiko, anuse kile kilichotoka. Lakini njia ya uhakika ni mtu wa karibu kumwambia kweli, na mtu huyo kwake ni wewe. Ukimwachia mamake aseme, au tanboi wake, au abiria aliyempa lifti akafungua dirisha, utakuwa umemwacha aaibike kwa jambo ambalo lingemalizwa chumbani kwenu.

Siku ya kwanza akifika usiseme. Ana siku kadhaa hajalala vizuri, ana vumbi la njia nzima mwilini, mwache aoge, ale, alale. Usiseme kitandani, na usiseme wakati amekusogelea, kwa sababu mwanamume aliyekataliwa wakati huo hasikii maneno, anasikia kukataliwa. Usiseme mkiwa mnagombana. Subiri siku ya pili au ya tatu, watoto wakiwa shule au madrasa, mmekaa. Kisha mwambie kwa kinywa chako, kwa maneno machache. Mimi ningesema hivi:

"Baba Salma, kuna jambo nimelificha tangu mwaka jana, na ndilo lililonifanya nikugeuzie uso. Hakuna mtu mwingine, Mungu anajua. Kinywa chako kina harufu, na naona damu kwenye mate yako, na jino lako linacheza. Naamini ni fizi zinaumwa, na zina dawa. Nataka twende pamoja."

Halafu nyamaza. Usirudie, usipambe, usiorodheshe mara ulizoteseka. Usimtaje mamake. Huenda akakasirika, huenda akatoka akaenda barazani asirudi mpaka usiku. Ni fedheha inayomtoa, na fedheha ikishapoa mtu hurudi na maswali. Akikuuliza "tangu lini?" mjibu kweli. Akikuuliza "mbona hukuniambia?" mwambie uliogopa kumuumiza.

Na zile dawa ulizompa kwa jina la kiungulia, mwambie ni za nini. Najua hutaki. Lakini mwili ni wake, na daktari atamwuliza amemeza nini miezi ya karibuni, naye ana haki ya kujibu anachokijua. Ni heri alipate hilo kwako siku hiyohiyo kuliko kuligundua baadaye, akaanza kuhesabu ni mangapi mengine umemficha.

Wapo wanawake wanaopenda vijembe, wa kuacha chingamu mezani au kumpa zawadi ya mswaki mpya. Umeshajaribu na ile dawa ya kusukutua na umeona matokeo. Mumeo akishaambiwa waziwazi atakuwa na la kufanya, ilhali kijembe kinamwacha akijiuliza tu kwa nini mke wake amebadilika.

Matibabu yake yako kwa daktari wa meno, na hakuna njia ya mkato. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha meno, na kliniki za watu binafsi zipo za kutosha mjini. Daktari atapima mifuko ya fizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, huenda akapiga picha ya eksirei aone mfupa umeliwa kiasi gani, kisha atasafisha ugaga wa juu na ule uliojificha chini ya ufizi. Kazi ya chini ya ufizi huweza kuhitaji sindano ya ganzi na ikachukua siku zaidi ya moja. Baada ya miezi miwili au mitatu humwita tena kupima. Kwa mtu wa safari hilo la kurudi ndilo gumu, kwa hiyo mpange naye tarehe zinazoendana na mizigo yake na uwe wewe wa kumkumbusha. Jino linalocheza huenda likatulia fizi zikipona, huenda ikabidi ling'olewe. Hilo daktari ataliona.

Kuna jambo moja linalowafanya watu waape hawatarudi kliniki. Ugaga ukitoka, mtu huona mianya kati ya meno ambayo hakuwa nayo, meno yanakuwa kama marefu, na maji baridi yanauma kwa siku kadhaa. Hapo ndipo maneno yanapoenea mtaani: "wamenilegeza meno". Hawakuyalegeza. Ugaga ulikuwa umejaza nafasi ya ufizi na mfupa uliokwishaondoka, na uvimbe uliokuwa ukiuficha mwanya umeshuka. Mwambie mapema ili asishtuke.

Na kwa kemisti usirudi kununua vidonge. Najua watu wananunua metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, wakinuka kinywa, na kwa siku chache harufu hupungua kweli. Kisha inarudi, kwa sababu ugaga umebaki palepale, na dawa itakayohitajika siku ya maradhi makubwa inakuwa imezoewa na vijidudu. Daktari wa meno akiona inahitajika ataandika mwenyewe.

Nyumbani na ndani ya lori kuna kazi yake yeye. Mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na usiku kabla ya kulala, dakika mbili. Nywele za mswaki zielekezwe pale jino linapokutana na ufizi, kwa mshazari, kwa mwendo mdogo bila kukandamiza. Siku za mwanzo damu itatoka, na wengi huogopa wakaacha kupiga hapo panapotoka damu. Ndipo panapohitaji zaidi. Baada ya kusafishwa na daktari na kupiga mswaki vizuri, damu hupungua ndani ya juma moja au mawili. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki kwenye meno. Katikati ya meno mswaki haufiki. Apitishe uzi wa meno, na kwa mianya mikubwa ipo miswaki midogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, bora kuliko kijiti cha kuchokolea.

Ulimi watu wanausahau, na ndio wenye mzigo mkubwa wa harufu hata kwa asiye na ugonjwa wa fizi. Autoe nje, akwangue kutoka nyuma kuja mbele, taratibu, mara chache tu, kwa kikwangulio cha ulimi au ukingo wa kijiko. Akichefukwa apumue nje wakati anakwangua. Asichubue.

Kama anapenda mswaki wa mti, ni jambo jema la wazee wetu na Shirika la Afya Duniani limeutambua. Autafune ncha mpaka ilainike iwe nyuzi, aipitishe taratibu kwenye meno yote, hata ya nyuma na upande wa ndani ambao mti haufiki kirahisi, na akate ncha mpya kila mara. Una faida kubwa kwa dereva, maana hauhitaji maji wala bafu. Ila ule wa dawa ya floraidi usiku asiuache.

Karafuu na iliki sizikatazi. Karafuu ina mafuta yanayoua baadhi ya vijidudu na kutia ganzi kidogo, na harufu yake ni heri. Lakini haziingii kwenye mfuko wa ufizi. Zinafunika kwa muda. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa asiyapake kwenye ufizi, yanaunguza. Na mkaa, ndimu, au chumvi ya kusugulia meno, vyote muviache, kwa sababu vinakwangua au kuyeyusha jino lenyewe. Chumvi inafaa ikiwa ndani ya maji: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, kusukutua na kutema. Kuhusu dawa za kusukutua za dukani, nyingi zinaficha harufu kwa saa chache. Ile yenye klorheksidini ina nguvu kweli, lakini ikitumiwa muda mrefu hutia meno madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula, hivyo itumike kwa siku atakazosema daktari.

Miraa. Najua anaitafuna kwa ajili ya kazi, na najua usingizi kwenye usukani unaua. Kinywa chake kingepona upesi zaidi bila miraa, na kama sukari itaonekana iko juu, soda na chingamu tamu ziishe siku hiyohiyo, hapo sina mjadala. Akisema hawezi kuacha miraa kwa mara moja, basi apunguze, ashushie kwa maji matupu, chingamu iwe isiyo na sukari, na kabla ya kulala ndani ya lori apige mswaki hata kama ni kwa maji ya chupa. Dereva anayehitaji majani ili akeshe anahitaji pia kulala, na hilo wewe ndiye unayeweza kumwambia bila kuonekana unamhubiria.

Mkishatibu fizi na kusafisha ulimi, na sukari ikawa sawa, harufu ikaendelea, ndipo daktari atatazama kwingine: vijiwe vyeupe vinavyojificha kwenye tezi za koo, sainasi (matundu ya hewa ya usoni), mapafu, na kwa nadra figo au ini. Usianze kuyawaza hayo sasa.

Lakini kuna jambo moja la kutongoja miadi yoyote. Ukisikia pumzi yake imegeuka tamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, naye anatapika, anapumua kwa kasi na kwa kina, au anaongea kama amechanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Hiyo ni sukari iliyomzidi na inaua.

Kuhusu chumba, rudi kwenu. Rudi usiku wa kwanza atakapofika, kabla hujamwambia lolote. Ukimwambia wakati bado unalala kwa Salma, atasikia hukumu, na atadhani sharti la kurudi kwako ni apone kwanza. Fizi huchukua miezi kupona, na miezi hiyo hamwezi kuikaa mbalimbali. Harufu yenyewe huanza kupungua mapema, mara nyingi ndani ya siku chache baada ya ugaga kutolewa na ulimi kukwanguliwa.

Siku ya kwenda, anzeni na kipimo cha sukari asubuhi na mapema akiwa hajala, kisha mnywe chai, kisha mwende kwa daktari wa meno na jibu la kipimo mkononi. Chukua pia pakiti au majina ya dawa zote alizomeza mwaka huu. Na kama Ramadhani iko karibu na sukari imeonekana iko juu, amwulize daktari kuhusu kufunga kabla hajanuia.

Somo